Pa Kupigia Magoti

Hebu niambie, mjukuu wangu: umewahi kuomba njia ndani ya nyumba yako mwenyewe? Mimi niliomba, miaka na miaka. Kutoka kitandani kwenda jikoni nilipita kwa ubavu kama kaa, gauni linanaswa na msumari wa kabati, maana wanangu walikuwa na heshima kupita kiasi. Mmoja akinunua kochi jipya, lile kuukuu linaletwa kwa mama. Friji limekufa: lipelekwe kwa mama, atawekea vyombo. Televisheni haionyeshi kitu: kwa mama, ataifunika kitambaa ipendeze. Nami nikipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa cha mwana hakikataliwi.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Kitambaa hukatwa kimetandazwa, na kwangu sakafu ilikuwa haionekani. Nilikatia kitandani, godoro likibonyea mkasi unakwenda upande. Gauni la shoga yangu wa nyumba ya pili likatoka fupi upande mmoja. Akalivaa, akajizungusha, akasema, "Bibi wee, hili umenishonea la kupandia ngazi?" Nikacheka naye, lakini lilinichoma. Macho ninayo, mikono ninayo. Nilichokosa ni pa kupigia magoti.

Basi nikaanza kutoa. Kabati likaenda kwa kinyozi, akapangia taulo zake. Makochi yakachukuliwa na maharusi wa mtaa wa nyuma. Friji akalibeba mnunuzi wa vyuma chakavu, huku anaimba. Nikabaki na kitanda, cherehani na kigoda chake, sufuria mbili na mkeka. Nikadeki mpaka saruji ikang'aa. Kisha nikapita katikati ya chumba mikono nimeitanua, nisiguse kitu. We!

Habari haina miguu lakini hukimbia. Binti yangu mkubwa akaja, nyuma yake gari la mizigo limebeba kochi lake la zamani na wapagazi wawili. Alinikuta nimepiga magoti juu ya kitambaa cha bluu, chaki mkononi. Akachungulia ndani, akashika kichwa.

"Mama! Umeibiwa?"

"Nimegawa."

"Vyote?"

Akajitenga pembeni na simu, akamnong'oneza kaka yake: "Mama kashaanza kuchanganyikiwa. Leo naondoka naye, hawezi tena kukaa peke yake." Uzee ninao, uziwi sina.

Wapagazi nao wakafika mlangoni na kochi. "Tupishe kidogo, bibi, mzigo mzito."

"Kama mzito, urudisheni ulikotoka. Atakayekanyaga chaki yangu nitamshonea suruali ya mguu mmoja!"

Wakacheka, wakalitua nje juani, wakalikalia wenyewe.

"Mama, usinitie aibu," binti yangu akasema. "Watu watasema tumekutelekeza. Nyumba kama ya mpangaji aliyefukuzwa!"

"Hao watu, aje mmoja nimpe fagio anisaidie."

"Twende kwangu. Nimekutengea chumba, kina kila kitu."

"Ndicho ninachokikimbia, mwanangu."

Akavua viatu, akazunguka ukingoni mwa kitambaa aje anishike mkono aninyanyue. Sikunyanyuka. Nikachukua mkasi, nikaanzia pindoni, nikapanda na mstari wa chaki polepole hadi kwapani, nikazungusha shingo, nikashuka upande wa pili; kisha kipande cha nyuma vivyo hivyo. Mkasi haukusita. Nikaviweka vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, kimoja juu ya kingine, nikamsogezea.

"Unasema nimechanganyikiwa. Nionyeshe palipopinda, kisha unichukue. Sitabisha."

Naye kalelewa na cherehani, anajua kukagua. Akainama. Akapitisha kiganja ukingoni kote, akalinganisha bega na bega, akakunja katikati, akakunjua. Akarudia tena, kwa hasira kidogo. Nje wapagazi walikuwa wanauliza kochi linakwenda wapi, yeye macho yako kwenye kitambaa.

Mwisho akakaa chini, pale pale sakafuni, miguu ameinyoosha mbele.

"Hapajapinda," akasema. "Sasa miaka yote hii, mama, ulitaka tukuletee nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaweka mkasi chini.

"Sikutaka mniletee kitu. Nilitaka mje mikono mitupu, mkae hapa, mnishikie ncha ya kitambaa nikikata."