Sabuni ya Mgeni

Shemeji yangu alirudi kutoka kambi ya barabara siku ya Jumapili, na mtu wa kwanza kumkataa alikuwa binti yake mwenyewe.

Simlaumu mtoto. Baba aliondoka yeye akiwa hajakaza hata shingo. Sasa ana meno manne, anatambaa kwa kasi ya mwizi wa kuku, na nyumba nzima tunamwita Bosi kwa sababu anaamrisha kwa kidole na hapokei udhuru. Ghafla mlangoni linatokea jitu limebeba begi, linanuka dizeli, linamnyooshea mikono mipana kama sinia. Hata mimi ningelia.

"Ni baba huyo, mama," dada alimbembeleza.

Bosi akamtazama baba. Akamtazama dada, kama anayemuuliza una akili timamu wewe? Kisha akaachia ukelele ambao jirani alipunguza sauti ya redio ili ausikie vizuri.

Shemeji ni fundi wa mitambo ya barabara: greda, katapila, na yale madude ya kushindilia lami. Injini iliyowashinda wenzake yeye huifungua huku anapiga mluzi. Lakini siku hiyo alikaa kwenye kiti akikodolea viganja vyake kama vipuri vilivyoletwa kimakosa.

"Ni harufu," alisema. "Nanuka dizeli. Mtoto ana haki yake."

"Shemeji, usijitetee mapema. Huenda ni sura."

Dada alinifinya. Shemeji akacheka, ila kilikuwa kile kicheko cha kumridhisha msema utani. Likizo yake ilikuwa fupi. Jumamosi gari la kambi lingepita kumchukua. Na kabla ya hapo alitaka jambo moja tu duniani: ampakate mwanawe, walau mara moja, bila mtoto kulia.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, kazi yangu ni kungoja matokeo na kumaliza chakula cha dada. Nikaona hapa ndipo elimu inapohitajika. Alama yangu ya kemia ya darasani nimeamua ibaki siri ya familia, lakini sabuni ni kemia, na ubishi sina mpinzani.

"Tufanye utafiti," nikasema. "Kila siku sabuni moja. Tutaona Bosi anaipitisha ipi."

Mama wa dukani ana rafu ya chini kabisa, ambako hukaa sabuni ambazo hakuna anayezitangaza: miche ya zamani ya kuogea, imefungwa karatasi yenye picha ya mwanamke anayelichekea povu tangu bibi yangu hajaolewa. Nilichukua za rangi nne. Mama wa dukani akaniuliza kama kuna msiba wa uchafu nyumbani. Nikamwambia kuna baba anaomba kazi ya ubaba.

Jumanne tulianza na nyekundu, ile ya dawa. Povu lake ni haba, lakini halina mchezo; grisi iliyokuwa imelala kwenye kucha za shemeji tangu mwaka jana iling'oka bila kuaga. Alitoka bafuni anang'aa kama kiazi kilichomenywa. Akachuchumaa mbele ya Bosi. Bosi akanusa, macho yakamtoka, akashika paja lake kwa mikono miwili na kuangua kilio.

"Kwa nini anashika paja?" shemeji aliuliza.

"Hiyo ndiyo harufu ya kliniki," dada alisema. "Anajua sasa inakuja sindano."

Siku ya pili, ya kijani. Ile si sabuni, ni tofali lililosoma. Unaisugua, nayo inakuangalia. Sifa yake ni kwamba haiishi; mtu anaweza kuandika wosia na kumwachia mjukuu. Bosi hakulia, ila alimgeuzia mgongo baba yake na kuendelea kupiga sufuria kwa kijiko. Nikampa shemeji alama ya kufaulu kwa tabu. Yeye akasema mgongo ni afadhali kuliko kilio.

Ya waridi ndiyo usiseme. Povu mpaka dirishani! Ila ukiisahau kwenye kisahani, jioni unakuta uji. Na harufu yake ilifika sebuleni kabla ya mwenyewe. Bosi alipiga chafya, dada akapiga chafya, mimi nikapiga mbili, na mtoto akajificha ndani ya gauni la mama yake hadi shemeji alipoondoka.

Kuna jambo nilikuwa naliona lakini nikaligeuza utani, kama kawaida yangu. Dada alikuwa anamtolea mumewe taulo lile jipya, lililokuwa bado kwenye nailoni yake. Chai anampa kwenye kikombe cha kabatini. Kiti kikubwa hakuna mwingine anayekikalia. Naye shemeji, kila akitoka nje na kurudi, anasimama mlangoni: "Hodi!" Na dada, bila kufikiri: "Karibu!"

"Shemeji," nilimwambia, "ukimaliza matembezi yako hapa, tuachie anwani nasi tuje kukutembelea."

Wote wawili walicheka. Bosi peke yake ndiye alikuwa anaichukua hali hiyo kwa uzito.

Alhamisi jioni nilimkuta shemeji ameegemea ukuta wa uani, anamwangalia kwa mbali Bosi akiogeshwa kwenye beseni.

"Anapenda nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Masikio. Akikupenda anakuvuta sikio mpaka uombe radhi."

Alijigusa sikio, bila kujua. "Kwenye simu alikuwa ananichekea."

"Kwenye simu hukuwa na harufu, shemeji."

Nilitaka kumfurahisha. Badala yake alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu anayokubaliana nayo. Nikaenda kuosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo lilimshtua dada kuliko yote ya wiki ile.

Ijumaa ikawa zamu ya nyeupe, tegemeo letu la mwisho. Shemeji alikuwa amejimwagia maji tayari tuliposikia kishindo, kisha sauti ya unyonge kutoka bafuni.

"Wenye nyumba! Sabuni imeniponyoka, imeingia kwenye tundu la maji!"

Wenye nyumba. Alisema hivyo, ndani ya nyumba yake.

Ya waridi ilishakuwa uji, ya kijani nilimkopesha jirani azuilie mlango usijifunge, na nyekundu hakuna aliyetaka kuirudia. Nikaenda nyuma ya beseni, nikatoa lile kopo ambalo dada alilificha siku mumewe aliporudi. Ndani yake unakaa Ukoo.

Ukoo ni sabuni yetu ya kila siku. Dada hatupi kipande. Sabuni ikibaki nyembamba kama ukucha, anailowesha na kuibandika kwenye mgongo wa mpya, anaikandamiza kwa kidole gumba mpaka zishikane. Na mpya nayo ikichakaa, inabebwa na inayofuata. Kwa hiyo Ukoo una nundu, una mabaka, una rangi kama tano, na umbo lake halijulikani ni mche au kobe. Ndio unaomwogesha dada, mimi, na Bosi.

"Usimpe hiyo!" Dada alinidaka mkono. "Mume wa watu katoka mbali, umwogeshe na maajabu hayo? Aibu!"

"Mume wa watu gani, dada? Si wako?" Nilikuwa bado natania, nadhani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo Ijumaa na bado tunampa kikombe cha kabatini. Sasa Bosi amuone nani kama si mgeni?"

Dada aliutazama Ukoo, akautazama mlango wa bafu. Kisha akauchukua mkononi mwangu na kwenda mwenyewe.

"Shika," nikamsikia. "Ni ya nyumbani. Ndiyo tunayoogea."

Mara kicheko, na safari hii kilikuwa chake mwenyewe.

"Hii nani aliunganisha? Imeshikana kama imechomelewa!"

"Mimi."

"Kazi safi, fundi. Na hiki cha njano hapa katikati?"

"Hicho ni chako. Kipande ulichokiacha siku unaondoka. Kila nikibandika, nabandika pembeni, hicho nakikwepa."

Maji yalisita kumwagika. Mimi nikajitia nakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Shemeji alitoka amejifunga taulo letu kuukuu, lile lenye tundu. Hakukisogelea kiti. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, wala hakumnyooshea mtu mikono. Bosi aliacha sufuria yake. Akanusa hewa. Akaja anatambaa mpaka kwenye goti, akasimama kwa kujishika mkono wa baba yake, akaunusa mkono ule taratibu kama mnunuzi wa samaki asiyeamini wauzaji.

"Nifanye nini?" shemeji aliniuliza kwa midomo tu.

"Usifanye kitu. Bosi yuko kazini."

Mkono mdogo ukapanda begani. Ukapapasa shingo, ukapapasa shavu, ukafika. Alimvuta sikio mpaka kichwa kikalala upande, naye shemeji akainama vilevile, maji yanamdondoka, bila kuthubutu hata kumeza mate. Kisha Bosi akajitupa kifuani kwake mzima mzima, kama anayerudi mahali pake.

"Povu limeniingia machoni," shemeji alisema.

Povu lilikuwa limekwisha zamani. Lakini hiyo nikaiacha ipite.

Jumamosi asubuhi dada aliukata Ukoo kwa uzi, akiuvuta polepole ili ile njano ya katikati igawanyike sawa pande zote. Nusu ikarudi kwenye kopo. Nusu akaifunga kwenye karatasi ya ile nyekundu na kuitia kwenye begi.

"Ogea hii huko huko," alimwambia. "Usinirudie na harufu ya kigeni."

Gari lilipiga honi. Shemeji alitoka na begi, akafika kwenye mlango wa gari, akakumbuka kofia. Akarudi mbio, akaingia moja kwa moja hadi chumbani, akaitungua kwenye msumari. Hakubisha hodi, na dada hakusema karibu.

Bosi alikuwa ameketi katikati ya njia. Akamnyooshea kidole baba yake, kisha akakielekeza sakafuni, pale pale alipokuwa amekaa jana.

Honi ikapigwa tena. Shemeji aliniangalia kuomba msaada.

"Mimi nisikuongopee," nikamwambia. "Huyo hapokei udhuru."

Akakaa.