Unga Uliovumilia Moto

Mjukuu wangu Bella anasoma kemia chuo kikuu. Ametengeneza unga wa kugeuza gesi kuwa plastiki, lakini kila joto likizidi, unga unakufa. Leo ukifa tena, profesa anafunga kazi yake.

«Nyogokuru, usiguse kitu,» akaniambia mimi bibi yake tulipoingia maabara.

«Mi niguse nini? Hata kupumua naogopa!»

Nyumbani Mutakura natengeneza pombe ya ndizi. Najua chachu ikikutana na moto imekwisha. Basi nikangoja kilio. Joto likafikia lile la mafuta ya kukaangia, gesi ikaingia, na maji yenye ule unga ndani ya kioo yakawa mazito kama uji, kisha kama ugali, mpaka mwiko wa mashine ukaelemewa.

«Unaishi!» Bella akapiga kelele.

Nikakumbuka kichaka cha Musa, kilichowaka bila kuteketea. Nikavua viatu.

«Nyogokuru, apana! Sakafu ina asidi!»

Nikabaki peku.