Liwazo wa Kwanza

"Mtaa huu nimeuzaa mimi," Mkunga alikuwa akipenda kusema, huku kidole chake kikipita dirishani kutoka kwa kinyozi mpaka kwenye ukuta wa shule. Akishajisifu hivyo alikohoa kidogo na kuongeza: "Yaani, kusukuma walisukuma wenyewe. Mimi nilishika taa na kupiga kelele. Na nusu yao walitoka nikiwa chooni."

Watu walicheka. Hata sasa, na miaka yake sabini na sita na magoti yaliyogoma, Mkunga aliweza kumchekesha mtu mwenye jino bovu mpaka ashike shavu. Aliishi kwenye chumba na sebule. Alikuwa na kitanda cha chuma alichokirithi kliniki ilipofungwa, na mjukuu aliyemlea tangu akinyonya chupa. Siku hizi mjukuu huyo alikuwa na mimba ya miezi minane, na tumbo ndilo lililokuwa likitangulia kuingia mlangoni.

Alasiri hiyo Mjukuu alikuwa ameketi mkekani akikunja vinguo vya mtoto.

"Bibi, nimeamua. Akiwa wa kike, Liwazo. Akiwa wa kiume, Liwazo."

"Hapana."

"Kwa nini? Mtaa mzima umewagawia kama karanga, sisi wenye jina ndio tunyimwe?"

"Ndiyo maana. Limechakaa. Mbwa wa muuza mkaa anaitwa Liwazo. Unataka mwanao na mbwa waitike pamoja?"

Mjukuu alicheka, maana hakuna aliyeweza kujizuia mbele ya kikongwe yule. Lakini alikuwa ameshauliza mara nne mwezi huo, na kila mara alijibiwa kwa mzaha mpya. Jambo moja Mkunga hakutaka lichimbuliwe maishani mwake, nalo ni mahali jina hilo lilikotoka.

Hadithi aliyowapa watu ilikuwa tamu. Liwazo, alisema, lilikuwa jina la bibi yake mzaa mama, mwanamke aliyezaa watoto kumi na wawili na asizike hata mmoja. Jina lenyewe halibagui, linamkaa mvulana, linamkaa msichana. Mama aliyejifungua bila kuwa na jina tayari, Mkunga alimnong'oneza hilo. Wa kwanza alikubali kwa sababu alikuwa amechoka. Wa pili alikubali kwa sababu mtoto wa wa kwanza alikuwa mnene. Baada ya hapo habari za bibi asiyezika zilijitembeza zenyewe, na wajawazito wakaanza kuja na jina mdomoni kabla hawajavua viatu. Shuleni walikuwapo tisa: Liwazo Mrefu, Liwazo Meno, Liwazo wa Kinyozi, ndugu wawili wa nyumba moja walioitwa Liwazo wote kwa sababu baba yao aliona hakuna haja ya kubadilisha kitu kinachofanya kazi, na wengine wanne ambao mwalimu aliwaita kwa namba. Palikuwa na saluni ya Liwazo. Palikuwa na yule mbwa.

Palikuwa pia na Liwazo mmoja aliyekufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Mama yake alikuja kwa Mkunga akiwa na kitambaa cheusi kichwani, akauliza imekuwaje jina limemwangusha. Mkunga alimwambia, "Nyinyi mlilikata. Mlimwita Liwa." Yule mama akarudi kwake akijilaumu. Siku ile Mkunga hakula, lakini maneno hakuyarudisha.

Mlango ukagongwa. Aliingia Mwalimu wa shule ya jirani, kijana mchangamfu mwenye daftari kwapani, na nyuma yake mwanamke wa makamo mwenye mkanda wa kupimia nguo shingoni.

"Shikamoo Bibi. Leo nimekuletea mgeni, utanishukuru. Unajua tunatengeneza kijitabu cha shule kutimiza miaka arobaini? Nataka ukurasa mmoja wa jina la Liwazo. Sasa huyu ndiye fundi wetu mpya, anashona masweta. Kila sweta linashonewa jina la mtoto ndani ya kola. Amefika kwa Liwazo wa tatu akasimamisha cherehani, akaja ofisini kuniuliza jina hili mmelitoa wapi. Nikamwambia, twende kwa mwenyewe."

Fundi alikuwa bado amesimama. "Hukunitambua, Sista," alisema. "Kitanda cha dirishani. Niliyekuwa nimeshapoteza wawili."

 Mkunga alijikaza kisabuni, akamwonyesha kiti, akamwagiza Mjukuu ateleke chai. Mjukuu alisema jiko halijawaka, akabaki pale pale na vinguo vyake.

Alimtambua vizuri sana. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita, na uso ule umekonda, lakini macho yalikuwa yale yale. Alikuja kliniki na mimba ya miezi saba, akiwa amedarizi jina kwenye blanketi kabla hajajua atapata mtoto gani. "Nimechagua la kumfaa yeyote," alisema, "nisimpangie Mungu." Alizaliwa wa kiume, njiti, uzito wa mkate. Kliniki ile haikuwa na mashine. Njiti waliwekwa kwenye kasha la mbao katika chumba cha joto, wakazungushiwa pamba, na kando yao chupa nne za kioo zenye maji ya moto, zilizofungwa vitambaa. Chupa zilibadilishwa kila saa. Ndiyo ilikuwa kazi yote: kila saa, chupa nne. Mtoto akiachwa apoe, basi.

Siku ya tatu, saa saba mchana, Mkunga alikwenda jikoni kuchukua maji. Wapishi walikuwa watatu, na mmoja akamwambia, "Hebu tupe ile ya daktari aliyezimia mkewe akijifungua." Akawapa. Wakaangua kicheko wakamshika miguu, wakataka nyingine. Akawapa nyingine. Hakuna kitu duniani alichokipenda Mkunga kuliko nyuso za watu zikimngoja amalizie. Alipokumbuka maji, saa tisa ilikuwa imeshapita. Alirudi chumba cha joto akiwa bado na kicheko mdomoni, akamkuta mtoto wa baridi kama kijiko. Kabla ya kumwita daktari alibadilisha chupa zote nne. Daktari alizigusa, akaona ziko sawa, akaandika kwamba moyo ulikuwa mdogo. Na Mkunga akaenda kitanda cha dirishani akasema hivyo hivyo: moyo ulikuwa mdogo.

Wiki ile ile alizaliwa msichana asiye na jina, na mdomo wa Mkunga ukalitaja lile la kwenye blanketi kabla hajaufunga. Tangu hapo hakuweza kuacha. Kila Liwazo aliyetembea ilikuwa kama amempunguzia deni. Bibi wa watoto kumi na wawili alimtunga siku alipoulizwa kwa mara ya kwanza, papo hapo, akichota maji.

"Niliambiwa habari za bibi yako," Fundi alisema. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani. "Sikuja kugombana, Sista. Watoto hao tisa wakue nalo. Mimi nilihama, nikapata binti mwingine, nikamwita jina tofauti kwa woga. Nilidhani lile limezikwa. Juzi nashona kola, nalikuta. Nikashona la pili, nikalikuta tena. Nimelala siku mbili sijui kama nina furaha au naumwa. Nataka kitu kimoja tu. Huyo bibi yako alikuwapo kweli? Kama alikuwapo, nitakwenda zangu. Kama hakuwapo, basi hao wote wamepewa jina la mwanangu, na mimi nijue."

Mwalimu alifungua daftari, kisha akaona aibu, akalifunga nusu.

Mkunga alimtazama mjukuu wake. Alikuwa ameacha kukunja, ameshika soksi moja ndogo kama kidole gumba. Kusema kwamba bibi alikuwapo kulikuwa rahisi, ulimi ulikuwa umeshaizoea njia. Lakini mwanamke aliyeketi pale alikuwa akiomba kitu kidogo mno.

"Hakuwapo," alisema. "Bibi yangu alizaa wanne, akazika watatu. Jina ni la mwanao."

Fundi alifumba macho. Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Na laiti Mkunga angeishia hapo. Lakini Mwalimu alikuwa amelifungua daftari lote, Mjukuu amesogea karibu, nyuso tatu zilikuwa zikimngoja, na machozi ya kweli yalikuwa yameshaanza kumtoka. Ulimi ukachukua hatamu.

"Nilimpenda mtoto yule," alisema. "Mchana ule sikutoka pale. Tangu saa saba nilikaa naye. Nilipoona anazidiwa nilimtoa kwenye kasha nikampakata, hapa," akajipiga kifuani, "na hapa ndipo alipofia, mikononi mwangu, akiwa na joto lake. Alifungua macho akanitazama. Mtu akishatazamwa hivyo, mama, hawezi kuliacha jina life. Ndiyo hiyo, Mwalimu. Andika."

Mwalimu aliandika, akijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Mjukuu akamwekea Mkunga mkono begani.

"Kumbe ndiyo maana, Bibi. Na mimi nakusumbua."

Fundi hakulia. Alikuwa ameona uzi umening'inia kwenye pindo la gauni lake, akawa anauvuta polepole.

"Akakutazama," alisema.

"Akanitazama."

"Saa ngapi hiyo, Sista?"

"Saa nane. Saa nane na kitu."

Uzi ulikatika. Fundi aliuviringisha kidoleni.

"Siku ile nilishuka kitandani," alisema. "Ulikuwa umenikataza. Uliniambia nisimguse, akitolewa tu mle ndani atapoa. Lakini maziwa yalikuwa yakinitoka yenyewe, nikashindwa. Nikasikia mnacheka jikoni, nikajua hakuna wa kuniona. Nikashika ukuta mpaka chumba cha joto. Nilimkuta ameshakuwa wa baridi, nikajua nimemtia baridi mimi, kwa kufungua mlango. Nikamtoa nimpashe moto. Nilimpakata muda mrefu, Sista, bado nawasikia mnacheka. Akapumua pumzi ndogo ndogo, halafu hakupumua. Nikamrudisha nikamfunika, nikarudi kitandani nikajilaza kungoja uje kuniambia."

Fundi aliuvua ule uzi kidoleni.

"Mume wangu amekufa bila kujua. Miaka thelathini na moja nimejua kwamba mwanangu nimemuua mimi kwa kutosikia la mkunga. Leo nilikuja nisikie habari ya jina, halafu nikuombe msamaha kwa kukuharibia kazi yako. Nilikuwa nimeshajipanga maneno, njia nzima."

Kalamu ya Mwalimu ilikuwa imesimama katikati ya mstari. Mkono wa Mjukuu ulikuwa bado begani kwa Mkunga, lakini ulikuwa umekuwa mwepesi, kama wa mtu aliyeuweka mahali akasahau.

"Sasa hebu niambie," Fundi alisema, kwa sauti ile ile ya kumuuliza mteja urefu wa mkono. "Kama alifia kwako, mimi nilimpakata nani?"

Mkunga alitafuta. Alitafuta mzaha, akakosa. Alitafuta bibi mwingine, akakosa.

"Labda," alisema, "umri huu, mama... labda nimechanganya na mtoto mwingine."

Mwalimu alitazama daftari lake, akapitisha kidole kwenye mistari kutoka juu hadi chini.

"Hapana, Bibi," alisema taratibu. "Umesema ni huyu. Nimeandika."