Mbuzi wa Mzee Augustin

Siku walipomaliza matanga ya Évariste, kaka yake Damas hakungoja hata viti vya kukodi virudishwe. Alikaa sebuleni, akavua kofia, akasema nyumba ile ya mtaani Kikula ni mali ya ukoo, kwa hiyo Berthe afunge vitu vyake. Berthe alidhani hakusikia vizuri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mke wa marehemu; tofali za nyumba hiyo walizichoma pamoja, na mabati aliyanunua yeye kwa kuuza unga sokoni.

Watoto Mungu hakuwajalia. Wosia haukuwepo. Évariste alikuwa dereva wa lori, jasiri barabarani, lakini ukimtajia wosia aliona kama unampimia jeneza. Komini, kwenye ofisi ya serikali, kuandikisha ndoa hawakwenda pia. Kila mwaka walisema mwakani. Na wala si wao tu, majirani wangapi wameoana hivyo hivyo: mahari, kanisa, basi.

Damas alikuwa na hoja moja, akaing'ang'ania. Mahari haikukamilika, mbuzi mmoja hakutolewa. Na mwanamke wa mahari nusu, alisema, ni hawara tu, hata azeekee ndani ya nyumba.

Kuhusu mbuzi alisema kweli, na hapo ndipo palipouma. Évariste alimleta mbuzi yule kwa kamba. Aliyemrudisha ni baba yake Berthe, Mzee Augustin. Wazee wa kwao ndivyo walivyofanya: hupokei mahari yote, unaacha kitu kidogo, ili mkwe asijione amenunua mtu, na undugu usiishe siku hiyo. Upendo huo sasa ulikuwa unamfukuza binti yake.

Chifu wa mtaa akaita pande zote mbili. Mzee Augustin alikuja na suti yake ya Jumapili. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, na watu waligombana weee, lakini wakifika kwake neno lake lilimaliza. Damas mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba mzee akiapa mahari ilikamilika, yeye anaondoka zake. Alisema hivyo kwa sababu alijua mzee hasemi uongo. Berthe naye alijua, akakata tamaa kabisa.

Biblia ikaletwa. Mzee akaweka mkono juu yake, chifu akauliza.

"Minye nilipata mahari yote," mzee alisema. "Na mbuzi. Tulimukula."

 Damas akachukua kofia yake, maana maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfunga. Chifu akaandika kwamba Berthe ni mjane halali na atabaki nyumbani kwake.

Wiki iliyofuata baba na binti waliipeleka karatasi hiyo komini, waulize namna ya kuiandikisha. Karani, mama mmoja mwenye miwani, aliisoma, akashangaa kwa nini mbuzi amechukua mistari mingi hivyo. Berthe akamweleza ugomvi ulivyokuwa.

"Lakini mama, sheria haiombe mahari yote," karani alisema. "Kama bwana yako alitoa hata kipande, inatosha. Hata bila ile mbuzi, weye ulikuwa muke yake."

Mzee Augustin aliomba arudie. Karani akarudia polepole, kwa uchangamfu wa mtu anayeleta habari njema. Berthe hakuweza kumtazama baba yake. Alimhurumia mpaka akatamani angefunga vitu vyake siku ile ile ya kwanza na kwenda zake.

Walitoka nje. Mzee alisimama kwenye ngazi, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Nimeapa uongo bure," alimwambia binti yake. "Tuende kwa pasta, mama. Leo leo. Nitubu kabla sijazoea."