Seifu Ameisha

Basi lilikuwa zuri mno, na uzuri huo ungemkera Khadidja kama siku hizo angekuwa na nafasi ya kukereka. Viti vilikuwa vya kulala, madirisha yana mapazia ya buluu, na kila pa kuegemeza kichwa pamevikwa kitambaa cheupe. Kabla ya vita lilibeba Wazungu kwenda kutazama gorila upande wa Rwanda, na picha ya gorila ilikuwa ingali imebandikwa nyuma ya kiti cha shofa. Sasa ni mwaka wa saba wa vita, nani aje kutazama gorila? Waliobaki kupanda ni wakubwa wa wizara, watu wa mashirika na wafanyabiashara wenye uwezo, wanaotaka kupita penye risasi wakiwa wamekaa vizuri. Kila mtu na akili zake.

Khadidja hakununua tiketi. Mwenye basi alimpa kiti cha dirishani kwa heshima ya mumewe, fundi Seifu, ambaye miezi minne na siku kadhaa nyuma alipanda kamyo la mizigo kwenda Kayanza, kulitengeneza basi hilihili lilipoharibikia huko, asirudi tena. Jana Khadidja alimaliza eda yake, miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja huko Jabe, nyuma ya soko, bila manukato, bila nguo ya rangi, bila kutoka nje. Leo alfajiri shemeji yake Uthmani, kaka wa marehemu, alimleta hadi penye basi akiwa amenuna.

"Kaburi haikimbii," Uthmani alimwambia. "Ungengoja barabara itulie."

"Siendi kwa kaburi tu, shemeji. Naenda kuuliza."

"Kuuliza nini tena? Mutu ameisha, ameisha."

Na hapo ndipo penye shughuli, kwenye neno hilo. Kiswahili cha Bujumbura wenzetu wa pwani hukicheka, na wacheke tu, midomo ni yao. Sisi hatusemi mtu "ameshafika". Tunasema "ameisha fika". Ameisha kula, ameisha lala, ameisha enda kazini. Na mtu akifa tunasema vilevile, "ameisha", tunanyamaza. Neno ni lilelile, na mwenye kusikia ndiye anayengoja kuona kama kuna kingine kinachofuata.

Siku ile, Jumatatu, Seifu aliondoka asubuhi na msafara wa magari yanayosindikizwa na askari. Saa saba habari zikateremka mjini kwamba msafara umeshambuliwa Bugarama, magari matatu yameungua na watu ndani. Saa tisa simu ikalia dukani kwa Atumani, jirani ambaye simu yake ilikuwa ya mtaa mzima. Khadidja akaitwa, akaja mbio na uzi wa cherehani ungali mdomoni. Sauti ilikuwa ya Népomuscène, mwenye karakana kule Kayanza, rafiki wa Seifu wa kikazi. "Khadidja? Sikiliza. Seifu ameisha..." Kisha mkwaruzo, kisha kimya. Nguzo za simu zilikatwa mlimani saa hiyohiyo, na zilikaa chini wiki sita.

Watu waliojaa dukani walimuuliza ameambiwa nini. Angeweza kusema sijui, simu imekatika. Angeweza kusema tungoje. Lakini Khadidja alisema alichosikia: "Amesema Seifu ameisha." Mama mmoja akaangua kilio palepale, na kutoka hapo nani angengoja? Uthmani alishika kichwa, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kabla ya magharibi mikeka ilikuwa imetandikwa. Kesho yake wakaswali swala ya ghaibu, maana maiti walioletwa mjini walikuwa hawatambuliki. Jumatano wakasoma hitima. Wiki ya tatu shofa mmoja akaleta salamu kutoka Kayanza: Népomuscène anawapa pole, Seifu amezikwa vizuri kwa taratibu za Kiislamu, kaburi lipo. Watu wakasema, basi, tulijua. Simu ziliporudi, mjane alikuwa ndani kwenye eda, na Uthmani hakuona sababu ya kupiga kuulizia kinachojulikana.

Khadidja peke yake ndiye aliyebaki na mwiba. Waliokufa walifia Bugarama, na Bugarama iko katikati ya njia. Sasa maiti wa Bugarama apandishwe juu mpaka Kayanza kuzikwa, badala ya kuteremshwa kwao, kwa nini? Alilisema hilo mara moja, wakamwambia ni majonzi. Lakini majonzi ndiyo aliyokuwa hana, na hilo lilimtisha. Tangu simu ile hakutoa chozi. Siku ya hitima wanawake walimtazama kwa pembeni, na wengine walinong'ona kwamba labda hawakuwa wakipatana. Walipatana sana. Ila kifua kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaufinya na hausikii. Akajiambia atalia siku atakaposikia maneno yale hadi mwisho, kwa kinywa cha aliyeyaanza. Hilo tu ndilo lililompandisha basi.

Walisimama saa mbili nzima chini ya mlima, penye kizuizi, wakingoja magari yatimie na askari wapande pikapu zao. Shofa alishika kipaza sauti, masalio ya enzi za watalii, akatangaza kwa Kifaransa, kisha Kirundi, kisha Kiswahili, kwamba wasafiri waheshimiwa watulie, kawia ufike. Mwanamke aliyekaa kando ya Khadidja akacheka. Aliitwa Odette, karani wa wizara, anakwenda Kigali kwa binti yake.

"Dada, umeona hii?" Odette alibonyeza kitufe, kiti kikalala. "Leo tunaenda kufa kama mabosi."

"Ndiyo," Khadidja akasema.

"Nafanya muchezo tu, usikasirike."

"Sijakasirika."

Na kweli hakukasirika. Odette alimtazama vizuri, akakiinua kiti, akamtolea biskuti. Khadidja aliila yote. Haikuwa na ladha, lakini kwa miezi minne hakuna kilichokuwa na ladha, kwa hiyo biskuti isilaumiwe.

Kisha wakapanda. Barabara ile inajipinda hata mtu akasahau alikotoka. Nyumba za wakubwa za Kiriri zikabaki chini pamoja na mji, ziwa likawa kama karatasi, halafu ukungu ukafunika yote. Baridi ilianza. Odette alisali kwa kila kona, tena kwa sauti. Khadidja aliangalia migomba iliyofyekwa kando ya njia ili mtu asijifiche ndani yake, na nyumba zisizo na mabati, na hakuomba kitu. Nyuma ya viti injini ilivuta bila kukohoa.

Bugarama msafara ulisimama kukusanyika upya. Akina mama wa kabichi na karoti walikimbilia madirishani, maana vita au si vita mtu anakula. Shofa aliteremka kutazama maji ya injini, na Khadidja akateremka naye kunyoosha miguu. Kifuniko cha nyuma kilipoinuliwa, akaona kipande cha kitambaa cha kijani kimekazwa kwenye bomba moja.

Alikijua. Kilikuwa kitenge cha magauni ya harusi aliyoyashona wiki ileile Seifu alipoondoka. Seifu alikuwa na tabia ya kukusanya mabaki chini ya cherehani yake, ayatie mfukoni kwa kufutia mikono, na akikosa kamba afungie bomba. Khadidja alimgombeza sana kwa hilo.

"Hii ilifungwa na nani?" akauliza.

"Sijui, mama. Mi ni mupya, nilikuta gari inatembea." Shofa akamzuia mkono. "Usiguse, maji itamwagika."

Khadidja akarudi kitini. Mtu aliyeungulia Bugarama hafungi bomba Kayanza. Hilo hata mtoto angelijua, na yeye alilijua polepole, kona baada ya kona, msafara ulipokuwa ukiingia kando ya msitu na abiria wote wameinamisha vichwa.

"Alifika," akasema.

"Nani?" Odette akauliza, kichwa kingali chini.

"Bwana yangu. Alifika Kayanza."

"Si vizuri? Ndiyo anakungoja kule?"

Khadidja aligeukia dirisha. Kama alifika, basi kaburi huenda ni la mtu mwingine. Majina yanachanganyika vitani, kila siku watu wanazika wasiowajua. Hakulitaka wazo hilo. Lilikuja kama mgeni asiyealikwa, likakaa, na likakaa naye mpaka msitu ulipokwisha.

Kayanza aliagana na Odette, akavuka barabara hadi karakana. Népomuscène alikuwa ameinama juu ya mlango wa gari akiunga bati. Alipomwona, akazima moto, akavua miwani yake ya kazi.

"Madame Seifu. Pole sana. Karibu ukae."

"Sikai. Siku ile kwa simu ulisema Seifu ameisha. Maliza."

"Nimalize nini?"

"Simu ilikatika. Ameisha nini?"

Népomuscène akakaa yeye juu ya tairi. "Ameisha fika," akasema. "Nilisema Seifu ameisha fika, usiwe na wasiwasi, kamyo yake ilipita mbele kabla ya shambulio. Alikuwa amesimama hapa, karibu yangu. Alikuwa amenyoosha mukono, anangoja nimupe simu akuongeleshe."

"Endelea."

Népomuscène akaendelea, macho chini. Jumanne na Jumatano Seifu alitengeneza basi. Simu hakuna, akasema watajua akirudi na msafara wa Jumamosi. Alhamisi jioni akaja mchuuzi kutoka Bujumbura, akamwona, akapiga kelele kama aliyeona jini: huko Jabe wamekusomea hitima jana, mi mwenyewe nilikula wali.

"Alicheka kwanza," Népomuscène akasema. "Akasema, mi hapa nakula maharage, na wao wanakula wali yangu. Halafu akaacha kucheka. Akasema, Khadidja analia. Akasema, yule akilia hali, atajiua na njaa. Nilimwambia angoje Jumamosi. Akasema apana. Ijumaa asubuhi alipata kamyo ya kabichi inashuka peke yake, bila askari. Haikufika mbali, iliishia hapo kwa msitu. Mi ndiye nilienda kumurudisha. Watu wa musikiti walimuosha, walimuzika vizuri, hiyo usiwe na shaka."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilituma pole. Nilidhani munajua yote. Mulikuwa mumeisha musomea."

Khadidja alibaki amesimama. Mkono wake ulitafuta mahali pa kushika, ukapata mlango wa gari, bado una moto, akauacha hapo kidogo kabla ya kuuondoa. Maneno alikuwa ameyapata mazima, yote mawili. Alingoja machozi aliyojiahidi. Hayakuja.

"Sikuwa nalia," akasema.

"Nini?"

"Alirudi kwa sababu nalia. Mi sikuwa nalia. Ungemwambia."

"Ningejuaje, dada?"

Angejuaje, ndiyo. Nani angejua? Jumatatu hadi Ijumaa Khadidja alikuwa na mume mzima, anayekula maharage na kufunga mabomba kwa vitambaa vyake, na siku hizo zote yeye alikaa kwenye mkeka akipokea pole, macho makavu. Na kilichomtoa Seifu Kayanza ni neno moja, na lilitoka kinywani mwake mbele ya watu dukani kwa Atumani. Hapakuwa na mwingine wa kumlaumu. Hata simu haikusema uongo.

Népomuscène aliinuka juu ya tairi. "Kesho saa nne kuna basi ya kushuka, ileile nzuri," akasema. "Nitakuwekea nafasi. Leo nitakupeleka kwa kaburi."

Khadidja alikuwa anahesabu kwa vidole, taratibu, kama anayehesabu vifungo vya koti. Eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki. Haihesabiwi tangu siku watu walipofikiri amefariki, na kutoka Jumatatu ile hadi Ijumaa zilipita siku nne.

"Kaburi itangoja," akasema. "Na kesho siwezi kupanda gari. Nitafutie nyumba ya Waislamu, wanipe chumba."

"Kwa muda gani?"

"Siku ine, na leo iko ndani. Mi bado mujane wake."

Népomuscène hakuelewa vizuri, lakini aliuchukua mfuko wa Khadidja, wakaenda.