Pua ya Bi Kuruthum

Fawziya alifungua kopo la udi, akaliinamia, akavuta pumzi ndefu, kisha akalifunga. Kuruthum, aliyekaa kiti cha mbele cha gari, alikuwa akimchungulia kwenye kioo kidogo cha juu. Alitafuta chochote katika uso ule, nyusi kupanda au mdomo kukunjika, na hakuambulia kitu.

"Umeuonaje?" aliuliza, sauti ameilegeza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Tutauangalia tukifika Nizwa," alijibu Fawziya, akalirudisha kopo kapuni.

Jibu hilo lilimkaa Kuruthum kifuani njia nzima. Binti yake, Wiam, aliyekuwa akiendesha, hakulisikia. Yeye alikuwa na furaha zake. Alikuwa amekwenda Ibra kuwachukua wazee hawa wawili awapeleke Nizwa kwenye harusi ya Alyaa, mtoto wa ndugu yake Kuruthum, na kwa kuwa siku ilikuwa yao, aliazimia kuwapitisha kwanza kwenye makaburi ya kale. Wiam alifanya kazi ya mambo ya kale. Alikuwa akipanda vilima na kamera na kamba ya kupimia, akiandika kila kaburi lilivyojengwa, na mama yake hakuwa amepata hata siku moja kuiona kazi hiyo. Baada ya makaburi, alisema, watashuka kwenye maji moto nyuma ya Izki, Khala Fawziya apate kuloweka magoti yake.

Kuruthum mwenyewe asingemwalika Fawziya, ni Wiam aliyemwalika. Meza zao zilipakana katika soko la wanawake la Ibra, lile la Jumatano, na kila Jumatano ilikuwa ni mambo yale yale: kabla wateja hawajaingia, Fawziya hujisogeza, akafunua makopo ya mwenzake moja baada ya moja, akanusa, akachota kidogo huku, akasukuma jengine kule chini ya meza, kama kwamba ile biashara ni yake. Zamani Kuruthum angemkemea. Siku hizi alinyamaza, kwa sababu mtu mwenye siri hapendi ugomvi.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Mwaka ule wa maradhi yaliyoenea dunia nzima, homa ilimlaza Kuruthum chumbani peke yake, na ilipomwachia, iliondoka na harufu zote za dunia. Alidhani ni mafua. Alingoja. Wengine walioumwa pamoja naye walirudi kunusa kahawa na vitunguu, yeye akabaki na pua iliyozibika pasipo kuziba, hewa inaingia na kutoka tupu, kama upepo kwenye nyumba iliyohamwa.

Na kazi yake ilikuwa ni harufu. Alizaliwa Unguja, akaletwa Ibra na wazee wake angali msichana, na alichokuja nacho ni mikono ya mama yake: kusaga singo ya waridi na liwa na karafuu, kusugua maharusi mpaka ngozi ing'ae, kupika udi wa sukari. Hakuna harusi ya Wazanzibari, kuanzia Bidiya mpaka Nizwa, iliyopita bila ya watu kumtaja. Sasa alipika kwa macho na kwa kumbukumbu. Sukari ya udi ina dakika yake ya kuepuliwa. Ukiwahi, harufu ni changa, ukichelewa, inauma, na dakika hiyo haionekani kwa macho, inanuswa. Siku moja alisimama mbele ya sufuria akikoroga kwa utulivu, mpaka jirani alipoingia mbio akidhani nyumba inaungua.

Hakumwambia mtu, hata Wiam. Alichofanya ni kujifunza nyuso. Mteja akifunua kopo, Kuruthum alimsoma machoni, na macho yakimwambia ndiyo, moyo ulitulia mpaka Jumatano nyengine. Lakini Alyaa hakuwa mteja. Alikuwa amepiga simu mwenyewe akasema hataki mpambaji wa Maskati wala chupa za dukani, anataka kusuguliwa na shangazi na kufukizwa udi wa shangazi, kama alivyofanyiwa mama yake.

Waliacha gari chini ya kilima, wakapanda taratibu kwa ajili ya magoti ya Fawziya. Makaburi yalisimama juu ya mgongo wa mlima, duara duara, mawe makavu yamepangwa bila ya udongo wala chokaa, mengine yamebomoka upande, mengine yangali na vijimlango vyake vidogo vinavyotazama bondeni. Upepo ulivuma na kusukuma mabaibui yao. Wiam alieleza kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Oman, akichanganya na Kiarabu pale neno lilipomkimbia.

"Hii makaburi ni ya zamani sana, mama, qabla ya Islamu, qabla ya kila kitu. Hatujui hata watu wake walikuwa wanasema lugha gani."

Kuruthum alipita kiganja juu ya jiwe. Aliona fahari kwa mwanawe, jinsi alivyokanyaga mle kwa adabu bila ya kuruka jiwe la mtu. Kisha Wiam akasema kwamba katika makaburi kama haya huwa wanakuta vikopo vidogo vya jiwe laini, vina vifuniko na vimechorwa vijiduara, na inadhaniwa vilitiwa mafuta mazuri ya kujipaka. Fawziya aliuliza kama mafuta yenyewe bado yanakutwa. Wiam alicheka. Yamekwisha kukauka zamani, alisema, limebaki kopo tu.

Kuruthum alijitenga, akajifanya anatazama bondeni. Limebaki kopo tu. Aliwaza juu ya mwanamke aliyepika mafuta yale, akayanusa akaridhika, akayafunika. Na aliwaza juu yake mwenyewe, hai bado, amesimama juani na kifuniko chake. Hapo ndipo alipokata shauri. Usiku wa singo atamwambia Alyaa ukweli, amtafutie mtu mwengine, na Jumatano ijayo meza yake itakuwa tupu. Aliposhuka kilima alikuwa mwepesi wa kusema, akimjibu Wiam kila alichouliza, kama mtu aliyekwisha funga mizigo.

Maji moto yalikuwa kwenye kikorongo kilichojaa mitende. Yalitoka chini ya mwamba, yakaingia kwenye mfereji, na wenyeji walikuwa wamejenga upande wa wanawake vijumba visivyo na mapaa vyenye madimbwi ya kujitumbukiza. Wiam alifika mlangoni, akaziba pua kwa mtandio, akasema atawangojea garini. Wazee wawili waliingia na nguo zao, wakakaa juu ya jiwe la ndani, maji mpaka kifuani. Fawziya aliguna kwa raha. Mvuke ulipanda.

Kuruthum alifumba macho. Joto lilimwingia mabegani na shingoni, akavuta pumzi kwa mazoea tu, na ndani ya pumzi ile kulikuwa na kitu.

Alifumbua macho. Kilikuwa chembamba mno, kama uzi unaopitishwa nyuma ya pua, na kikaondoka. Alijiambia ni mawazo. Akilini mwake alishapata kunusa asumini nyingi zisizokuwapo. Akavuta tena, polepole, na uzi ukarudi. Haukuwa mzuri. Ulikuwa mbaya, mzito, wenye uchachu. Akainamisha uso mpaka karibu na maji, na ubaya ule ukafunguka wote.

"Fawziya," alisema, "hapa pananuka nini?"

"Yai viza," alijibu Fawziya bila ya kufungua macho. "Maji ya kibiriti haya. Ndiyo maana mwanao kakimbia."

Kuruthum aliinama tena. Alichota maji kwa viganja viwili, akayaleta puani, akavuta, akachota tena. Mabega yalimtikisika. Fawziya alipogeuka alimkuta analia na maji ya kibiriti yakimchuruzika kidevuni, akamtazama kitambo, na uso wake uliokuwa mkavu tangu Ibra ukavunjika.

"Imerudi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ilimchukua Kuruthum muda kulisikia swali lenyewe. "Ulikuwa unajua."

"Tangu udi ule ulioungua. Uliutia makoponi, ukaniuliza kama rangi yake nzuri. Bi Kuruthum, wewe hujapata kuniuliza rangi."

Basi Fawziya alisimulia, akitazama maji. Kila Jumatano alikuwa akinusa makopo kabla ya wateja. Lililo zima aliliacha mbele. Lililooza mafuta au kuungua sukari alilisukuma chini ya meza, na mteja akilihitaji, alimpa la kwake, akasema ni la Bi Kuruthum. Kuruthum alikumbuka kila mara alivyouchukia mkono ule mfupi uliokuwa ukipita juu ya bidhaa zake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefunga meza," alisema Fawziya. "Ungefunga meza, na mimi ningekaa na nani?"

Kuruthum alimshika mkono chini ya maji, na wakakaa hivyo. Upande wa pili wa ukuta mwanamke alikuwa akimlalamikia mwenzake juu ya uvundo.

Baadaye aliuliza juu ya kopo la leo. Fawziya alisema udi umechelewa kuepuliwa, kidogo tu, lakini Alyaa angeujua. Vijiti vya udi vimo kapuni, sukari haikosekani nyumbani kwa Wiam, Nizwa. Wataupika tena usiku huu wote wawili, Kuruthum ashike mwiko na Fawziya ashike pua, na pua ya Kuruthum ikiamka zaidi, wataona. Kuruthum alicheka, kicheko cha kwanza kumtoka chenyewe tangu mwaka ule wa homa. Hakuwa na hakika ya lolote. Uvundo mmoja si waridi, na pengine kesho asubuhi utakuwa umeondoka. Lakini meza haikuwa tupu tena kichwani mwake.

Wiam aliitwa, akaambiwa yote pale pale penye kivuli cha mitende. Alimlaumu mama yake kwa kumficha, kisha akamkumbatia hivyo hivyo alivyolowa chepechepe na kunuka, wala hakuziba pua.

Njia ya Birkat al Mauz ilikuwa na magari mengi, watu wakienda Nizwa kuwahi soko la mifugo la Ijumaa. Mbele yao palikuwa na pikapu kuukuu imejaa mbuzi, ikienda kwa kuyumba. Wiam alitia ishara apite.

"Usimpite," alisema Kuruthum.

Alishusha kioo. Upepo wa moto uliingia ukapeperusha ushungi wake, na Fawziya nyuma akaanza kusema kitu, lakini Kuruthum alinyanyua mkono asiambiwe. Alitoa uso nje ya dirisha, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Wiam alipunguza mwendo. Mbuzi mmoja mwenye ndevu nyeupe aliegemeza kidevu juu ya ubao wa pikapu, akamkazia macho mwanamke yule aliyekuwa akimfuata kwa pua, na magari mawili yakaendelea hivyo, moja nyuma ya jengine, kupita mashamba ya migomba.