Radhi ya Bo-ram

Katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja mjini Daegu, manesi walimpenda nesi wao mfawidhi, Ok Mi-ryeong, kwa kuwa hakuwahi kumtupa mtu wake. Daktari akifoka, yeye ndiye aliyesimama mbele. Watu wakipungua zamuni, alikunja mikono akageuza wagonjwa mwenyewe.

Asubuhi moja mtoto wa mgonjwa, bwana mmoja mwenye viwanda, alimzaba kofi nesi kijana Ha Bo-ram. Kosa lake? Alimkataza kumlisha babaye uji wa maboga wakati mzee anasubiri kupasuliwa.

"Naita polisi," alisema Mi-ryeong mbele ya wote. Kabla hajainua simu, matroni wa hospitali, Bibi Tak, akamwita ofisini.

"Polisi wa nini, mdogo wangu? Yule ndiye anayetujengea jengo jipya. Mpeleke binti akaombe radhi, yaishe."

"Matroni, aliyepigwa ni yeye!"

"Si kipofu mimi. Lakini ukiongoza watu, ujue wa kugombana naye. Au unataka afukuzwe?"

Mi-ryeong akanywea. Alijiambia heri fedheha ya mara moja kuliko mtoto wa watu kukosa kazi.

Alimkuta Bo-ram amejibandika barafu shavuni.

"Iname tu, mdogo wangu. Mengine niachie mimi."

"Hata wewe, dada?"

Mi-ryeong akamfungulia mlango wa chumba cha mzee. Bo-ram akaenda, akainama mpaka nywele zikagusa shuka. Yule bwana hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Siku nyingine umjue unayesema naye," alisema. Mzee kitandani akageukia ukutani kwa haya.

Alipotoka, Bo-ram alivua kitambulisho, akakitia mkononi mwa Mi-ryeong, akaondoka na viatu vilevile vya wodini. Hakurudi tena.

Baadaye Bibi Tak alimsifu Mi-ryeong mbele ya wakuu wote. "Huyu ndiye kiongozi," alisema, "ana kifua." Wakampandisha cheo.

Manesi wakampongeza kwa adabu zote. Lakini mchana, alipoketi mezani kwao na bakuli lake la supu, mmoja akakumbuka dripu, mwingine akakumbuka kidonda cha kufunga. Haukupita muda, meza nzima ikabaki yake.